Barua kwa Mdogo Wangu Kutoka Newala

Newala, Novemba

Mdogo wangu mpendwa,

Huku juu kwenye uwanda wa Makonde sauti imenikauka kwa kusoma majina ya watu tangu asubuhi. Ujumbe wako niliupata nikiwa ghalani, nikausoma haraka haraka, kisha usiku nikausoma tena taratibu. Hongera sana kwa ajira. Afisa ushirika, tena Shinyanga, kwenye pamba! Mama atakuwa ameshatangaza mtaa mzima. Umeniuliza mambo mawili: watu wa kijijini unaishi nao vipi, na vitabu vya chama unaanzia wapi kuvishika. Nimeona nikujibu kwa barua, maana kwenye simu tutaishia kucheka na salio litakwisha kabla sijafika kwenye jambo lenyewe.

Safari sitakuchosha nayo sana. Nilipanda basi Mbagala alfajiri, na pembeni yangu alikaa mzee mmoja wa Tandahimba aliyekuwa anatoka kuwaona wajukuu zake Dar. Tulipopita Ikwiriri na kuanza kuvuka Daraja la Mkapa, akanigusa bega nitazame Rufiji kule chini. Daraja lile, lenye urefu wa karibu kilomita moja, lilifunguliwa mwaka 2003. Kabla ya hapo watu walivuka kwa pantoni pale Ndundu, na masika yakishika, njia ya kusini ilikuwa haipitiki. "Ninyi mnalala njiani kwa usingizi," akaniambia, "sisi tulilala njiani kwa matope." Akanisimulia jinsi abiria wasiojuana walivyokuwa wanachangishana unga na dagaa, wanapika sufuria moja kando ya barabara, na basi likinasuka wanaagana kama ndugu. Somanga tulinunua samaki wa kukaanga dirishani. Muuzaji mmoja akatuonyesha maji yalipopita mwaka 2024, wakati mvua za Kimbunga Hidaya zilipokata barabara na mabasi yakakwama huku na huku. Mtwara nikalala. Kesho yake lami ilinifikisha Mnivata bila shida, na kutoka hapo ikawa ujenzi, mchepuko na vumbi mpaka juu Newala.

Yule mzee nakutajia kwa sababu ya neno aliloniambia tulipokuwa tunaagana. Alishaniuliza naenda wapi, kwa nani, kufanya nini. Akasema, "Ukifika usiende ofisini kwanza. Nenda kwa mwenyekiti wa kijiji, toka hapo nenda kwa wazee, halafu kwa majirani wa pale utakapolala. Ofisi haikimbii." Nikafanya hivyo hivyo. Siku yangu ya kwanza Newala sikugusa karatasi hata moja. Nilipiga hodi, nikatoa shikamoo, nikajibu maswali: umetoka wapi, wazazi wako wapi, una watoto, dini gani, umeletwa na nani. Watu wa mjini tukiulizwa hivyo tunaona tunachimbwa. Huku mtu anataka kujua akusimamishe wapi katika hesabu ya watu wake. Ukijibu kwa moyo mweupe, kesho yake ukikosea njia mtoto yeyote atakushika mkono akurudishe.

Sasa nikueleze habari ya maji, maana Newala huwezi kuielewa bila maji. Mji uko ukingoni mwa uwanda. Ukienda pale wanapopaita Shimo la Mungu unaona ardhi inaporomoka mbele yako na bonde la Ruvuma limelala kule chini, na ng'ambo yake ni Msumbiji. Pazuri sana. Lakini huku juu udongo ni wa mchanga, mvua ikinyesha inazama moja kwa moja, na mto wa kuchota hakuna. Mradi wa Maji Makonde, ulioanza miaka ya 1950 wakati wa mkoloni, unasukuma maji kutoka visima vya Mitema, upande wa Kitangari, na siku si zako bomba linakohoa hewa tupu. Ndiyo maana nyumba nyingi za zamani zina kisima cha mvua uani: mfereji umezunguka paa la bati, maji yanashuka kwenye shimo lililojengwa kwa saruji, juu kuna mfuniko, na mfuniko una kufuli.

Ufunguo wa kufuli la kwetu mama mwenye nyumba ameufunga kwenye pindo la khanga yake. Jioni niliyofika alinipa ndoo moja akasema, "Hii ni ya kuoga. Ya kupikia nitakupa asubuhi." Nikamtazama anavyofanya. Maji aliyooshea mboga anawapa kuku. Maji ya kufulia anamwagia mgomba. Ndoo ikibaki na tone anaigeuza kwenye mtungi. Hakunihubiria wala hakuniwekea masharti, nilijionea tu. Asubuhi nikamsimamisha kijana wa bodaboda anayeuza madumu, nikanunua mawili, nikayaweka mlangoni kwa mama. Hakusema kitu. Ila usiku ule aliniita tule pamoja, na tangu siku hiyo sijapika peke yangu. Amenifundisha kula ming'oko, ile mizizi myembamba ya porini: unaichemsha, unaimenya kwa vidole ikiwa ya moto, unachovya kwenye chumvi na pilipili. Wewe unayechagua vyakula utaipenda tu.

Mdogo wangu, nimeyaandika haya ya maji kwa urefu kwa sababu watu wengi wa ofisi wanaharibu kazi hapa hapa, kabla hawajafungua daftari. Wanafika na mahitaji yao ya nyumbani mkononi: maji ya moto, chai ya saa nne, chumba chenye feni. Wenyeji watakupa, kwa sababu mgeni kwao ni mtu mkubwa. Lakini watakuwa wamejinyima, na hawatakuambia.

Kazi sasa. Chama chetu cha msingi kina ofisi ya vyumba viwili na ghala dogo la bati. Saa moja asubuhi magunia yameshapangwa foleni, wenyewe wamekaa juu yake. Utaratibu ni huu: mkulima anaokota korosho, anazianika, anachagua mbovu, anazileta chamani. Karani anakagua, anapima, anaandika stakabadhi. Zikifika shehena zinapakiwa kwenye lori kwenda ghala kuu. Huko zinapimwa tena na kuchukuliwa sampuli, kisha chama kikuu, ambacho kwa Newala na Tandahimba ni TANECU, kinaziingiza mnadani. Mkulima analipwa kwenye akaunti yake ya benki baada ya mnunuzi kulipa. Ndio mfumo wa stakabadhi ghalani, ulioanza kwenye korosho mwaka 2007. Uzuri wake ni kwamba mnyonge na mwenye shamba kubwa wanauza kwa bei moja. Ugumu wake ni kusubiri. Kati ya mzani na pesa kuna siku nyingi, na ndani ya siku hizo mkulima hana kitu mkononi zaidi ya kipande cha karatasi.

Hapo ndipo penye kazi yetu. Kuna mzee mmoja aliniletea stakabadhi zake nimjumlishie. Alikuwa amezifunga kwenye nailoni, nailoni kwenye kitambaa, kitambaa kimefungwa mafundo mawili. Kusoma hajui. Akazipanga mezani moja moja kwa tarehe, kwa kumbukumbu tu, bila kukosea, maana anajua hii ni ile ya siku jirani alipofiwa, na hii ni ya siku lori liliharibika. Nikaanza kusoma kilo kwa sauti. Kila nilipofungua mdomo yeye alishatikisa kichwa, anaijua namba kabla sijaitaja. Nilipofika mwisho nikamtajia jumla. Akanyamaza kidogo, akamwita kijana wake aliyekuwa nje, akaniambia, "Soma tena, mwanangu, na huyu asikie." Nikasoma tena yote, toka mwanzo.

Nimefundisha hesabu za vyama sehemu kadhaa, unajua, lakini mzee yule ndiye aliyenipa neno ambalo ningekupa wewe kama ningeruhusiwa kukupa moja tu. Mkulima hataki umhurumie. Anataka kusikia namba zake zikisomwa kwa sauti, na mtu mwingine akisikia. Ukimfanyia hilo, mengine yote mtazungumza. Usipomfanyia, hata ukiwa mwaminifu kiasi gani, daftari lako kwake ni ukuta.

Ya wenzako kazini nayo yana mambo yake. Karani wetu ni kijana mwenye kichwa chepesi, anajumlisha kwa haraka kuliko kikokotoo changu. Lakini ikifika saa sita, jua limepanda na foleni haijapungua, anaanza kufoka. Akina mama walikuwa wanamwogopa, wengine wanamtuma mtoto akapime. Ningeweza kumsema pale pale mzanini, na watu wangenipigia makofi, lakini ningekuwa nimempoteza. Nilimsubiri tukafunga ghala, tukakaa kwenye mkeka nyuma ya ofisi, nikamuuliza habari za nyumbani kwao. Kumbe anatoka alfajiri bila kunywa hata uji, na mpaka jioni hajaweka kitu tumboni, kwa sababu akiondoka dakika kumi watu wanadhani anaenda kupiga dili na mtu. Tukamwomba mwenyekiti wa chama. Sasa wakati wa adhuhuri mzani unafungwa mbele ya watu wote, waendao kusali wanasali, mama lishe analeta wali na maharage, na karani anakula pale pale anapoonekana. Kufoka kumekwisha. Nakwambia hivi kwa sababu utakutana na mtu wa namna hiyo, na utaambiwa ni mkorofi. Muulize kwanza amekula.

Jambo lililotutoa jasho zaidi lilikuwa unyaufu. Hili lisikilize vizuri, kwa kuwa kwenye pamba utalikuta kwa sura nyingine. Korosho ikikaa inaendelea kukauka, uzito unapungua. Kwa hiyo gunia lililopimwa chamani likipimwa tena ghala kuu halifiki kilo zile zile. Utaratibu unalitambua hilo. Shida ni kwamba mkulima anaona tu kilo zake zimeyeyuka njiani, na kichwani mwake jibu ni moja: wameiba. Msimu huu shehena moja ilirudi na upungufu ulioshtua kila mtu. Mkutano ukaitishwa chini ya mwembe, na maneno yaliyosemwa pale sitayaandika.

Bodi ya chama ilitaka niende na makabrasha niwaeleze watu unyaufu ni nini. Nikaenda nayo. Lakini aliyetuokoa ni bibi mmoja aliyesimama nyuma kabisa, akasema, "Sisi hatukatai kwamba korosho inakauka. Tunataka kuona inakauka kiasi gani." Basi hapo hapo likachaguliwa gunia moja. Likapimwa mbele ya wote, kilo zikaandikwa kwa chaki kwenye mlango wa ghala, likashonwa, likawekwa kwenye chumba cha ofisi chenye kufuli mbili: ufunguo mmoja kwa mwenyekiti, mwingine kwa yule bibi.

Wiki ilipotimia, uwanja ulijaa kuliko siku ya mkutano. Watoto wamepanda juu ya mwembe. Gunia likatolewa, bibi akakagua mshono kwa vidole, uzi baada ya uzi, akasema ni ule ule. Likawekwa mzanini. Lilikuwa limepungua, lakini upungufu haukufika hata nusu kilo. Watu wakashusha pumzi. Halafu karani akapiga hesabu kwa sauti: kama kila gunia limepungua hivi, shehena nzima ilipaswa kupungua kiasi hiki. Na iliyopungua kweli ilikuwa zaidi. Kwa hiyo ukweli uligawanyika. Sehemu ilikuwa ni kukauka, na watu wakakubali. Sehemu ilikuwa ni uzembe wa njiani, magunia yaliyochanika na korosho kumwagika, na hilo bodi ikalibeba kwenda kulidai kwa msafirishaji. Bado wanalidai, na mimi nimewaandikia barua tatu. Lakini neno wizi sijalisikia tena mzanini. Chaki ile mlangoni hawajaifuta mpaka leo.

Huko kwako utasikia habari za mchanga na maji kwenye pamba, kwamba wakulima wanaongeza uzito, na wakulima nao watakuambia mizani ya wanunuzi inapunja. Usikimbilie upande wowote. Tafuta gunia lako moja na mlango wa kuandikia chaki.

Niingie kwenye kangomba, ingawa ni habari ya kuumiza. Kangomba ni ununuzi wa kienyeji, nje ya mfumo. Mchuuzi anapita vijijini wakati wa njaa, kabla korosho haijakomaa, wakati mkulima anatafuta pesa ya chakula, ya vibarua wa palizi, ya kupulizia salfa mikorosho isishikwe na ubwiri unga. Anampa pesa kidogo leo, na msimu ukifika anakuja kuchukua korosho kwa kipimo chake na bei yake. Serikali imepiga marufuku, viongozi wanahutubia kila mwaka, na bado ipo. Nilikuwa nadhani wanaouza kangomba hawajui bei ya mnada. Wanaijua vizuri sana. Mama mmoja mjane, jirani yetu, alinihesabia kwenye vidole alichopata na ambacho angepata, hajakosea shilingi. Mtoto wake alikuwa amefaulu kwenda kidato cha kwanza, shule inataka godoro, sare, ndoo na madaftari mwezi Januari, na malipo ya korosho zake za kwanza hayakuwa yameingia. "Mwanangu hakuweza kusubiri mnada," akasema. Ukimpelekea mtu kama huyo semina ya madhara ya kangomba unamtukana. Anachohitaji ni chama chenye mfuko wa kukopeshana kwa riba ndogo wakati wa njaa. Tumeanza kulizungumza na bodi, na nitalipigania mpaka mkutano mkuu, kwa sababu bila hilo mfumo mzuri utaendelea kuwafaa zaidi wale wenye akiba.

Akina mama niliwafahamu msibani. Alifariki mzee mmoja wa kijiji, ghala likafungwa, na mwenzangu mmoja kutoka wilayani akalalamika kwamba tunapoteza siku ya kazi. Mimi nilijifunga khanga nikaenda. Nikakaa na wanawake nyuma ya nyumba, tukamenya mihogo, tukachambua mchele, tukaosha vyombo kwa maji yaliyopimwa kwa kata. Hakuna aliyezungumza korosho mpaka watu walipotoka kuzika. Hapo ndipo mmoja akaniuliza taratibu, macho kwenye sinia, "Hivi mtu akiwa na mikorosho yake mwenyewe, aliyopanda yeye, anaweza kuandikwa jina lake?" Mikono yote ikasimama kusubiri jibu.

Wamakonde kwa asili wanahesabu ukoo upande wa mama, na wanawake wengi wana mikorosho yao. Lakini kwenye daftari la chama, korosho za nyumba nzima zinaingia kwa jina la baba, na malipo yanaingia kwenye akaunti ya baba. Msimu wa pesa ukifika, nyumba nyingine zinapata bati jipya na nyingine zinapata ugomvi. Nikawajibu kwamba wanaweza, na nikawaeleza kinachotakiwa: kitambulisho, kusajiliwa shamba, kufungua akaunti. Wiki iliyofuata walikuja ofisini kwa makundi, wengine na waume zao, na nilifurahi kuona waume kadhaa ndio waliokuwa wanawaharakisha. Siku ile ya msiba aliyoilalamikia mwenzangu ndiyo iliyoniingizia wanachama wengi kuliko matangazo yote ya kipaza sauti.

Mnada ni siku ya shangwe na wasiwasi. Siku hizi wanunuzi wanashindana kwa mtandao kupitia Soko la Bidhaa Tanzania, TMX, lakini wakulima wanakusanyika vile vile, kwa sababu wao ndio wanaosema tunauza au hatuuzi. Bei ya juu inasomwa, bei ya chini inasomwa, uwanja unanguruma, kisha mikono inanyooshwa. Wazee wanakumbuka misimu kwa bei zake. Watakuambia msimu wa 2017/2018, korosho ilipovuka shilingi 4,000 kwa kilo na nchi ikavuna zaidi ya tani 300,000. Watakuambia na msimu uliofuata, bei ziliposhuka wakakataa kuuza, na Novemba 2018 Rais Magufuli akaagiza Serikali izinunue korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo na Jeshi lizibebe. Wengine walisubiri malipo yao kwa miezi. Kwa hiyo ukimwona mkulima wa Newala anauliza swali lile lile mara ya tatu, "Pesa inaingia lini?", usimwone msumbufu. Anauliza kwa uzoefu.

Mimi kwenye mnada nina kazi moja ninayoipenda. Bei ikishapita, nasimama na kusoma makato yote: usafiri, ghala, mchango wa chama cha msingi, mchango wa chama kikuu, mpaka tunafika kwenye shilingi zitakazoingia mfukoni kwa kilo moja. Mwanzoni wajumbe wengine wa bodi hawakupenda. Walihofia fujo. Fujo haikutokea. Mikono iliyonyooshwa iliuliza maswali ya maana, hasa kuhusu magunia, na makato mawili yakaenda kujadiliwa upya. Namba zile watu wanakwenda kuzirudia barazani usiku, na mtu akizikosea anasahihishwa na mwenzake, wala siyo na mimi.

Basi, mdogo wangu, jiandae. Msimu wa pamba hufunguliwa mwezi Mei, kwa hiyo una muda wa kuwajua watu kabla ya kuyajua magunia yao. Utumie. Jifunze kusalimia Kisukuma kabla hujapanda basi: mwangaluka ni ya asubuhi, mwadila ni ya mchana, na uwape wazee heshima yao yote bila haraka. Usipokee zawadi ya mchuuzi yeyote, hata iwe kuku mmoja, hata akisema ni ya mama yako. Ya mkulima aliyekukaribisha kwake ipokee, ule naye. Stakabadhi usimwandikie mtu bila kumsomea. Na usiku ukiwa umechoka na namba hazikubaliani, usizilazimishe. Lala, uamke alfajiri uzihesabu tena na mtu mwingine pembeni.

Nimempa konda wa basi la kesho kifurushi cha korosho na kochoko, yale mabibo yaliyokaushwa. Nusu ni ya mama, usimfiche. Mwambie nitarudi msimu ukifungwa, mwezi wa kwanza au wa pili, na kwamba ninakula vizuri.

Wiki yako ya kwanza Shinyanga ikiisha, niandikie kila kitu: umelala kwa nani, maji mnachota wapi, karani wako anakula saa ngapi. Na kama chama hakina mzani unaoaminika, nijulishe mapema, nitakueleza namna tulivyouomba wa kwetu ukaguliwe na watu wa Wakala wa Vipimo.

Ni mimi dada yako.